Stesheni ya zamani kugeuzwa kuwa ya treni nyepesi: inamaanisha nini hasa kwa watu wa Moshi na Arusha

Kila ikitajwa reli huku kwetu mazungumzo yanachanganyika haraka sana. Mmoja anasema SGR inakuja, mwingine anasema treni si ilisharudi tangu 2019, wa tatu ameona video ya treni Ulaya inapita katikati ya barabara watu wanapanda na kushuka kama daladala, basi anauliza kwa nini stesheni yetu isigeuzwe iwe vile, reli si ipo tayari? Swali ni zuri sana na linastahili jibu la maana, ila ndani yake kuna vitu vitatu tofauti vimechanganywa na watu wanabishana saa nzima kila mtu akiongelea kitu chake. Twende taratibu.

Treni tunayoijua sisi, inayotoka Dar kupitia Korogwe na Same mpaka Moshi na Arusha, inatembea kwenye reli ya mita moja, yaani kutoka chuma cha kushoto mpaka cha kulia ni milimita 1,000, na inavutwa na kichwa cha dizeli. Watu wa reli wanaiita MGR. SGR ni ile ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, Juni Dar mpaka Morogoro na Julai ikafika Dodoma, upana wake ni milimita 1,435. Hizi mbili pamoja na tofauti zake zote ni ndugu, ni treni nzito za masafa marefu. Treni nyepesi, wengine wanaiita tramu, ni kitu kingine: ni mabehewa machache ya umeme, mawili matatu yameunganishwa, ya kuzunguka ndani ya mji na pembezoni mwake, yanasimama kila baada ya mwendo mfupi, yanapita mengi kwa saa, na yanaweza kutoka kwenye njia yake ya reli yakaingia barabarani pamoja na magari. Ukitaka kuelewa haraka, chukua basi la mkoani na hiace. Basi linatoka stendi kwa saa maalumu, limejaza mizigo, linakata masafa, na hakuna anayelitegemea limtoe Majengo limpeleke Memorial hapohapo Moshi. Hiace inapita kila wakati, unapanda ulipo, unashuka karibu na unapokwenda. Treni kubwa ni basi la mkoa, treni nyepesi ni hiace, na kugeuza stesheni kutoka moja kwenda nyingine maana yake ni kubadilisha kazi ya stesheni nzima, kuanzia umeme mpaka kimo cha jukwaa.

Sasa kabla hatujaenda mbali inabidi tukumbuke stesheni zetu zilijengwa kwa kazi gani. Wajerumani walianza kujenga hii reli Tanga mwaka 1893 na ilikwenda kwa kusuasua mno, Muheza walifika 1896, Korogwe 1902, halafu Mombo, halafu Moshi ikafikiwa 1911, yaani karibu miaka 18 kutoka baharini mpaka chini ya mlima. Hawakuwa wanamfikiria mtu wa mjini anayewahi kazini, walitaka mazao ya mashamba ya Usambara na Kilimanjaro yafike bandari ya Tanga. Vita ya kwanza ya dunia ilipokuja Waingereza nao wakavuta reli ya kijeshi kutoka Voi, mwaka 1916 ikaunganishwa Kahe, ndo maana Kahe pale ikawa njia panda ya reli na kahawa ya Kilimanjaro ikapata njia ya pili ya kwenda baharini kupitia Mombasa. Arusha yenyewe reli ilifika 1929. Mwaka 1948 reli zote za Kenya, Uganda na Tanganyika zikawa shirika moja, 1963 kikakamilika kipande cha Ruvu mpaka Mruazi ambacho ndo kilituunganisha na reli ya kati, kwa hiyo ukisikia mzee anasimulia alivyopanda treni Moshi akashukia Dar bila kupitia Tanga ujue anaongelea baada ya hapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, Tanzania ikabaki na shirika lake, na miaka ya 90 treni ya abiria ya huku ikafa kabisa. Vijana wengi wa Moshi wamekua wanaiona reli kama njia ya miguu ya kukatiza mtaa. Ndipo Desemba 2019 treni ya abiria ikarudi Moshi, Oktoba 2020 ikarudi Arusha, na nakumbuka namna watu walivyofurahi, watu wazima wanapiga picha na mabehewa.

Nimeyasema haya kwa sababu jambo moja linatoka hapo: stesheni za Moshi na Arusha zilikuwa mwisho wa njia ya mizigo. Ziliwekwa penye tambarare, penye nafasi ya kupanga mabehewa na maghala. Hazikuwekwa katikati ya pilikapilika za watu, na ndo shida ya kwanza ya kila stesheni ya zamani duniani ambayo mtu anataka kuigeuza.

Mfano ninaoupenda zaidi ni stesheni ya Altrincham, mji mdogo ulioko kilomita kama 13 kutoka katikati ya Manchester, Uingereza. Njia yao ilifunguliwa 1849, treni za mvuke, na stesheni iliyopo sasa ikajengwa 1881. Mwaka 1931 wakaweka umeme wa volti 1,500. Mwaka 1971 wakaubadilisha ukawa wa volti 25,000 ili ufanane na wa njia kubwa ambazo treni zao zilikuwa zinaingilia. Huduma ilikuwepo, treni zilikuwepo, umeme ulikuwepo, na bado kulikuwa na kero kubwa. Treni zilizotoka kusini kama hiyo ya Altrincham zilikuwa zinaishia upande mmoja wa Manchester, zilizotoka kaskazini kwenye mji wa Bury zinaishia upande mwingine, stesheni ya Victoria, na katikati ambako ndiko kuna maduka na ofisi hakuna reli. Mtu akishuka anatembea au anatafuta basi. Walipanga kuchimba handaki la reli chini ya mji kuunganisha pande mbili, mpango ukazikwa miaka ya 70 kwa sababu ya gharama.

Walichokuja kufanya baadaye ndicho watu wanachokiita kugeuza. Tarehe 24 Desemba 1991 treni ya kawaida ya Altrincham ikasimama. Wakaondoa ule umeme wa volti 25,000 wakaweka wa volti 750, wakabadilisha ishara, wakarekebisha vituo, na katikati ya mji wakalaza reli kwenye lami kabisa, ikaunganisha njia ya Bury na ya Altrincham. Aprili 1992 upande wa Bury ukaanza, tarehe 15 Juni 1992 upande wa Altrincham ukafunguliwa. Karibu miezi 6 tu njia ile ilikuwa imefungwa. Mtu wa Altrincham akawa anapandia palepale alipopandia babu yake lakini sasa anashushwa katikati ya mji.

Angalia hapo kitu ambacho hakikubadilika. Njia ya reli, lile tuta, madaraja, ardhi yenyewe, vyote vilikuwepo toka 1849. Kama wangetakiwa kununua ardhi ya kilomita zote zile upya kwa kubomoa nyumba za watu, sidhani kama ingewezekana. Walichojenga kipya kwa jasho ni kile kipande kifupi cha barabarani.

Kwa nini sasa treni ya kawaida isiingie tu barabarani? Hapa ndo watu wengi wanakwama kwa hiyo tukae kidogo. Kwanza kona. Treni kubwa inahitaji kona ndefu iliyolala, tramu inaweza kukata kona yenye nusu kipenyo cha mita 25 hivi, ndo maana inazunguka mtaa wa mjini bila kubomoa jengo la pembeni. Pili kusimama. Treni ya mizigo yenye tani 1,000 na zaidi dereva akishika breki leo inasimama mbali kule, inaweza kuhitaji hata kilomita nzima, kwa hiyo inaendeshwa kwa ishara na njia lazima iwe tupu mbele yake. Tramu inaendeshwa kwa macho kama gari, dereva anaona bodaboda imekatiza anasimama, ina hadi breki za sumaku zinazong'ang'ania reli yenyewe. Tatu umeme. Waya wa volti 25,000 unatakiwa ukae mbali na kila kitu, huwezi kuupitisha mtaani kati ya magorofa na vibanda kirahisi, wakati volti 750 inavumilika, gharama yake ni kwamba unahitaji vituo vingi vya kupozea umeme njiani kwa sababu umeme mdogo hauendi mbali.

Halafu kuna jukwaa, kitu ambacho nilikuwa sikifikirii kabisa mpaka nilipoanza kufuatilia habari za Manchester. Stesheni za zamani za kule zina majukwaa marefu kwenda juu, usawa wa mlango wa treni. Wangenunua tramu za sakafu ya chini wangelazimika kuvunja majukwaa ya vituo vyote vya zamani. Wakaamua kununua tramu za sakafu ya juu, matokeo yake ni kwamba vituo vipya vya barabarani navyo vikabidi vijengwe virefu, jukwaa limesimama katikati ya mtaa. Uamuzi huo umewafunga mpaka leo, mtandao una vituo 99 na vyote vinafuata kimo kile. Stesheni zetu majukwaa ni ya chini, unapanda behewa kwa ngazi, na kwa jambo hili moja sisi tungekuwa na nafuu, kwa sababu tramu nyingi za siku hizi ni za sakafu ya chini.

Tukija kwenye yale yanayosemwa mtaani. La kwanza, kwamba reli ya mita moja haifai, lazima iwe SGR kwanza. Sio kweli. Zurich, Basel, Geneva na Helsinki, miji tajiri kabisa, tramu zao zinatembea kwenye reli ya milimita 1,000, upana uleule wa reli inayopita Rau na Kahe. Upana sio kizuizi. Kizuizi ni hali ya reli yenyewe, mataruma, uzito inaoweza kubeba, umeme, na ile karakana ya kulaza na kutengeneza treni ambayo watu huwa wanaisahau kabisa kwenye hesabu.

La pili, kwamba nyepesi maana yake ni kitu dhaifu cha kuchezea. Tramu za kwanza za Manchester zilikuwa na urefu wa mita 29 na uzito wa tani kama 45 kila moja. Unyepesi unaosemwa ni ukilinganisha na treni kubwa.

La tatu, kwamba SGR ikifika Arusha basi ndo tumepata treni ya mjini. Mpango wa SGR ya Tanga, Arusha mpaka Musoma upo na unaongelewa miaka mingi, lakini hata ikijengwa kesho itakuwa treni ya masafa na mizigo. Haitakutoa Kijenge ikupeleke soko la Kilombero hapohapo Arusha. Vilevile ile treni ya Dar iliyoanza Oktoba 2012, ambayo watu waliipa jina la treni ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, inasaidia wakazi wa mjini kweli, ila ni kichwa cha dizeli na mabehewa ya kawaida kwenye reli ya kawaida. Ni treni kubwa iliyopewa kazi ya mjini, na hilo halina ubaya wowote, ni njia ya bei nafuu ya kuanza, nitarudi hapo.

La nne ni la Moshi na Arusha hasa, watu wanasema tuwekewe tramu kati ya miji hii miwili. Hapana jamani. Ni kilomita kama 80, treni nyepesi haijatengenezwa kwa safari ya namna hiyo, utasimama vituo visivyo na mwisho. Kwa umbali huo kinachofaa ni treni ya kawaida nzuri, safi, inayokimbia, inayotoka mara nyingi kwa siku. Na ikumbukwe reli haifuati barabara kuu, yenyewe inapita chini huku tambarare, Rundugai na kule, wakati watu na biashara vimejipanga Bomang'ombe, Maji ya Chai, Usa na Tengeru kandokando ya lami.

Afrika yetu ina mfano ambao naona unatuhusu kuliko hata Manchester. Kisiwa cha Morisi kilikuwa na reli toka 1864, zilikuwepo kusafirisha miwa na sukari na watu. Mabasi na malori yakaiua, treni za abiria zikasimamishwa 1956 na za mizigo 1964, reli zikang'olewa. Ila sehemu kubwa ya ile njia kutoka Port Louis kupanda mpaka Curepipe haikujengewa nyumba, ilibaki wazi, sehemu nyingine ikawa njia ya waenda kwa miguu. Miaka zaidi ya 50 baadaye walipotaka treni nyepesi wakaipitisha kwa sehemu kubwa kwenye njia hiyohiyo ya zamani. Ilianza kubeba abiria mwanzoni mwa 2020 na ikafika Curepipe 2022, kama kilomita 26 hivi. Pale ambapo nyumba zilikuwa kwenye njia iliyotakiwa, mitaa ya La Butte na Barkly, familia zilivunjiwa mwaka 2017 na kulikuwa na uchungu mkubwa. Linganisha kipande kilichobaki wazi na kipande kilichokuwa na makazi ya watu, utaelewa kwa nini mimi naiangalia ile hifadhi ya reli inayopita Moshi na Arusha kama mali. Zile X nyekundu ukutani, za kuonyesha nyumba itabomolewa, zinaumiza na mtu aliyejenga bila kujua au kwa kuuziwa na tapeli namuonea huruma kweli, lakini kadiri tunavyoendelea kuuziana viwanja pembeni ya reli ndivyo tunavyoongeza watu watakaokuja kulia baadaye.

Mizigo nayo? Simenti, mbolea, mafuta, vinapanda na hii reli, na hakuna mtu mwenye akili atakubali iondolewe ili tramu ipite. San Diego kule Marekani walilimaliza hili tangu 1981: tramu zao za kwenda mpaka wa Mexico walizipitisha kwenye reli ya mizigo ya zamani, mchana inabeba abiria, usiku tramu zikilala treni za mizigo zinapita. Altrincham wenyewe walifanya tofauti, stesheni ile ina majukwaa manne, mawili ya tramu na mawili ya treni za kawaida za kwenda Chester, na pale zinapokaribia stesheni kila moja ina reli yake zikienda sambamba. Kwa hiyo kugeuza stesheni sio lazima kuua kilichokuwepo, na jengo la zamani halina sababu ya kubomolewa.

Kitu cha kuogopa hasa kiko Addis Ababa. Wao walijenga mpya kabisa, ikafunguliwa Septemba 2015, gharama kama dola milioni 475, sehemu kubwa mkopo wa China, nauli ndogo, watu wakajaa. Miaka michache baadaye treni nyingi zikawa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Reli ipo, nyaya zipo, abiria wapo wanasubiri, treni hazitoshi. Nauli ndogo haitoshi kununua spea za nje, kwa hiyo lazima kuwe na fedha ya kila mwaka ya kuitunza, na hilo ndilo swali ambalo ningependa diwani au mbunge yeyote anayetuahidi treni ya mjini aulizwe kabla ya kuulizwa itaanza lini.

Tukiweka yote pamoja kwa huku kwetu. Sensa ya 2022 inaonyesha jiji la Arusha lina watu zaidi ya 600,000 na manispaa ya Moshi kama 220,000. Moshi kwa ukubwa huo, naona hapana, mabasi mazuri yanatosha na stesheni ibaki ya treni ya kawaida iliyo bora. Arusha ni mjadala wa kweli, mji unakua kwa kasi, na foleni ya Sanawari kila mtu anaijua. Ningeanza kama Dar walivyoanza, treni ya kawaida ya asubuhi na jioni kutoka upande wa Usa kuingia stesheni ya Arusha kwenye reli hii hii iliyopo, tuone watu wanapanda au hawapandi. Wakipanda ndipo tatizo la Manchester litatukuta vilevile lilivyo, maana stesheni iko kusini mwa mji na watu wanakwenda Kilombero, soko kuu, Mnara wa Saa na kwenye ofisi za juu. Kipande hicho hakina reli hata mita moja, na kukipata ni kuchimba lami, kuhamisha mabomba ya maji na nyaya zilizoko chini, na kuamua ni barabara gani itapunguziwa magari.